Mtondo na Mtondogoo: Mihadhara Yetu ya Falsafa Muhula Huu

Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi, habari za mchana. Ahsanteni kwa kupanda mpaka huku juu na jua hili la Dodoma.

Ratiba ya mihadhara na warsha imebandikwa mlangoni, mtaisoma wenyewe. Ni kila Jumatano saa tisa alasiri, na hata asiyesoma chuoni anakaribishwa. Mimi nataka mjue kwa nini tunaanza na John Mbiti.

Mwaka 1969 Mbiti, Mkenya na kasisi wa Kianglikana, alitoa kitabu juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Alichambua vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, akasema kwamba katika fikra za jadi wakati una pande mbili, akazipa majina ya Kiswahili: Sasa, yaani leo pamoja na yale ya karibu yanayopita na yanayokuja, na Zamani, yaani yaliyokwisha kupita. Wakati ujao wa mbali, kwake, ni kama haupo. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa ushahidi wa Kiakan, lugha ya kwao. Sisi wa Dodoma tutampima kwa ushahidi gani?

Anzeni na Kiswahili chenyewe alichokiazima. Kesho. Kesho kutwa. Mtondo. Mtondogoo. Siku nne zijazo, kila moja na jina lake! Najua vijana wengi humu hamjawahi kutamka mtondogoo. Kisha nendeni Hombolo, hapa hapa Dodoma, kwenye zabibu wakati wa kupogoa. Nimesimama shambani kwa mzee mmoja: anashika tawi, anahesabu macho yake ya kuchipua kwa kidole gumba, anakata, na hujamuuliza kitu anakutajia mwezi atakaovuna. Mtu huyo anaishi na wakati ujao kila siku. Lakini Mbiti angejibu kwamba mavuno hayo bado yamo ndani ya Sasa, kwa kuwa mzee ameshayaanza kwa mkono wake. Jibu hilo si dhaifu hata kidogo, na mimi limeninyima usingizi. Njooni tubishane.

Baada ya hapo ni warsha, na hii ndiyo iliyo moyoni mwangu. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka, pale Nairobi, aliwahoji wazee na kutofautisha anayeijua hekima ya watu wake na yule anayeweza pia kuihoji. Tofauti hiyo haionekani usipomrudishia mzee swali. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alirudi kutoka kijijini na daftari limejaa methali. Nikamuuliza, mzee aliposema hivi, wewe ulimwambiaje? Akainamisha kichwa. "Mwalimu, niliona kumuuliza tena ni kumkosea adabu."

Nilimwelewa, nami nimelelewa hivyo hivyo. Kwa hiyo tutafanya mazoezi, wawili wawili, mmoja akiwa mzee: "Babu, hilo nimelipokea. Ila mbona jirani yako alifanya kinyume, na wewe ulimsifu?" Siku ya kwanza wazee wawili wa Kigogo watakuja kukaa nasi. Madaftari yatakuwa yamefungwa mpaka kila mmoja wenu awe ameuliza swali la pili.