Nyumba ya Bi Wilberforce Iko Wapi? Nasaka Mitaa ya Sinema ya 1955 Hapa King's Cross

Haya wapendwa, habari za huko nyumbani? Karibuni tena London. Leo tuko King's Cross, na najua wengine mmeshaanza kuchangamka, mnataka nikapige picha na lile toroli lililozama ukutani, la yule kijana mchawi wa vitabuni, Harry Potter. Foleni yake mnaiona ile pale? Watu wanasimama saa nzima, na mlinzi kawekwa kabisa. Tuwaachie. Mimi leo nasaka nyumba ya bi kizee.

Bi kizee mwenyewe anaitwa Mrs Wilberforce, na anaishi kwenye sinema moja ya zamani ya Waingereza, The Ladykillers, ya mwaka 1955. Ilitengenezwa na studio za Ealing, mwongozaji Alexander Mackendrick. Kwa wasioijua, nitawapa kwa kifupi, na msinilaumu kwamba nawaharibia utamu, sinema ina miaka sabini. Bi kizee ni mjane, anaishi na kasuku wake kwenye nyumba iliyopinda kwa sababu ya mabomu ya vita. Anakuja bwana mmoja mwenye meno ya kutisha, Profesa Marcus, ndiye Alec Guinness huyo, anapanga chumba cha juu. Anasema yeye na wenzake wanne wanafanya mazoezi ya muziki. Kumbe ni majambazi! Wanaweka santuri, muziki unalia, wao wanapanga kuvamia gari la pesa. Mmoja wao ni Peter Sellers akiwa bado kijana. Wanaiba, halafu pesa wanamfanya bi kizee mwenyewe akawachukulie stesheni, sandukuni, kwa teksi, bila kujua. Akija kugundua, wanaamua kumuua. Jamani, hawawezi! Wanaishia kuuana wao kwa wao, na kila maiti inatupwa nyuma ya nyumba, kwenye mabehewa ya mizigo yanayopita chini.

Hilo neno "nyuma ya nyumba" lishikeni, ndilo lililonileta huku.

Sasa ngoja nigeuze kamera. Hapa nimesimama Argyle Street, upande wa kusini wa stesheni, nimevuka tu Euston Road. Tazameni kule mwisho wa mtaa. Mnauona mnara ule wenye saa, matofali mekundu? Ile ni St Pancras, ile hoteli kubwa ya stesheni aliyoisanifu George Gilbert Scott, ilifunguliwa 1873. Kwenye sinema, bi kizee akifungua mlango wake wa mbele, au kamera ikitazama kutoka upande wake, unaona mtaa unashuka na mnara ule ule umesimama mwishoni. Nimeisimamisha picha hapa kwenye simu, naishika sambamba na mtaa wenyewe... subirini, jua linanipiga kwenye kioo. Haya. Mnara uko palepale. Nyumba za safu nazo bado zipo, nyingi zimegeuzwa hoteli ndogondogo za wageni wa bei nafuu. Kilichoharibu picha ni kile kidude cha zege kule mkono wa kushoto. Lile lilijengwa miaka ya 1970, lilikuwa la halmashauri ya Camden, na maktaba ilikuwa humo humo. Tangu 2019 ni hoteli ya kifahari, wakaibandikia na lifti nyekundu inayopanda nje ya ukuta. Mwaka 1955 hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Mimi nalipenda, lakini najua wazee wa mtaa huu hawatanisamehe.

Basi mtu atasema, umeshaiona nyumba, tuondoke. Nyumba gani? Haipo hapa, na haijawahi kuwepo hapa!

Fikirieni wenyewe. Nyuma ya nyumba ya bi kizee kuna bonde la reli, treni zinapita chini, moshi unapanda mpaka dirishani. Hapa Argyle Street nyuma ya nyumba kuna nini? Mtaa mwingine, halafu mwingine. Reli ziko ng'ambo ya barabara kuu. Watengenezaji walichukua mandhari ya mbele huku, na mandhari ya nyuma wakaitoa karibu kilometa mbili kaskazini, mtaa unaoitwa Frederica Street, unaochepuka kutoka Caledonian Road. Huko ndiko walikoijenga nyumba yenyewe, nyumba ya kuigizia, juu ya mdomo wa handaki la reli. Mackendrick kaunga vipande viwili vya mji kama fundi aliyeunga kitenge ua kwa ua, mshono huuoni mpaka uje utembee kwa miguu. Kwa miguu ni kama nusu saa hivi, na kuna kilima. Kwenye sinema ni mlango wa mbele na dirisha la nyuma.

Wengi mnaniuliza huwa nazipataje sehemu hizi. Sina maajabu. Simamisha picha, halafu usimtazame mwigizaji. Tazama nyuma yake: mnara wa kanisa, bomba la moshi, daraja, reli inakata kona upande gani. Maduka yanabadilika jina kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo bango la duka linaweza kukupoteza. Mteremko hauondoki. Halafu kuna ramani. Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka mtandaoni ramani za zamani za Uingereza nzima, bure kabisa, unaweza kuilaza ya zamani juu ya picha ya setilaiti ya leo ukazilinganisha mtaa kwa mtaa. Mimi nikianza na ile kitu, chakula kinaungua jikoni.

Haya, twendeni. Tumerudi upande wa kaskazini, katikati ya stesheni mbili, King's Cross mkono mmoja, St Pancras mkono mwingine. Hapa ndipo gari la pesa lilipovamiwa. Mtaa uliitwa Cheney Road, ulikuwa wa mawe, umekunja kona nyuma ya stesheni, mweusi kwa masizi. Watu wa sinema waliupenda kweli kweli, walikuja kupiga picha hapa miaka na miaka, maana hata ulipofika mwisho wa karne bado ulionekana wa zama za Malkia Victoria. Leo haupo. Hata jina halipo. Ujenzi wa reli ya kwenda handaki la Ufaransa na huu mji mpya wa vioo vimeumeza wote. Lililobaki ni jengo lile la matofali pale, German Gymnasium, ukumbi wa mazoezi uliojengwa na Wajerumani wa London miaka ya 1860. Siku hizi ni mgahawa. Bei zake nimezisoma dirishani nikaendelea na safari.

Lakini kuna kitu kimoja hapa kinanifurahisha kuliko vyote. Ukiangalia picha za zamani za Cheney Road, juu ya mapaa unaona vyuma vikubwa vya duara. Yale yalikuwa matangi ya gesi, na ile ni mihimili yake, ambayo tangi lilipanda na kushuka katikati yake kadiri gesi ilivyojaa na kupungua. Sasa njooni huku, tuvuke mfereji wa Regent's. Mnaviona? Ni vyuma vile vile! Walivifungua kipande kwa kipande, wakavipeleka Yorkshire kukarabatiwa, wakavirudisha na kuvisimamisha ng'ambo ya mfereji. Kimoja kina bustani ndani, na vitatu vilivyoungana vimejengewa fleti. Kwa hiyo alama uliyokuwa ukiitegemea kukuonyesha mahali, yenyewe imehama. Nimesema mteremko hauondoki. Chuma kumbe kinaondoka.

Frederica Street sitawakawiza. Tumefika, tuko jirani na gereza la Pentonville, lile la tangu 1842. Jina la mtaa lipo kwenye kibao, hilo hapo. Nyumba za sinema zilishabomolewa, mahali pake ni nyumba za halmashauri za matofali, magari yameegeshwa, mtoto yule anatushangaa. Hakuna kibao cha kumkumbuka bi kizee. Sitapiga picha madirisha ya watu, wanaishi hapa. Ila sikilizeni... hiyo! Mmeisikia? Treni hiyo. Iko chini yetu, ndani ya handaki.

Handaki lenyewe linaitwa Copenhagen, ni la katikati ya karne ya 19, reli kuu ya kwenda Edinburgh inapita humo. Ukitaka kuliona, dawa ni kupanda treni. Ukitoka King's Cross unaingia giza la kwanza, hilo ni Gasworks Tunnel. Halafu unatoka kwenye mwanga, ukuta huku, ukuta huku, kitambo kidogo tu, halafu giza la pili. Ule mwanga wa katikati ndio ukumbi wa mauaji wote! Hapo ndipo maiti zilipotua kwenye mabehewa, na hapo ndipo mkono wa chuma wa ishara ya kuongozea treni ulipomshukia Profesa kichwani, naye akafa. Abiria wote nilioketi nao walikuwa wanatazama simu. Moshi hakuna tena, treni za umeme hizi, na bila moshi nadhani yule Profesa angeonekana na mtaa mzima usiku wa kwanza tu.

Na kama mnataka kujua pesa ziliishia wapi: bi kizee alikwenda polisi kuzirudisha, wakamwona anaweweseka, wakamwambia akae nazo. Katie Johnson, aliyecheza nafasi ile, alikuwa ameshavuka miaka sabini na mitano, na akachukua tuzo ya BAFTA, ile tuzo kubwa ya sinema ya Waingereza, mbele ya wote hao.

Video ijayo tunavuka mto Thames. Kuna sinema nyingine ya Ealing, Passport to Pimlico ya 1949. Pimlico imo mpaka kwenye jina, lakini mtaa wake waliujenga Lambeth, kwenye kiwanja kilichopigwa mabomu pembeni ya Hercules Road. Nimeshaanza na ramani. Mwenye ndugu anayekaa upande ule aniunganishe naye, maana nitahitaji dirisha la ghorofani na, tukielewana, kikombe cha chai.