Rojo Laini Bila Tone la Maziwa: Tambi za Jioni ya Siku ya Kazi

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kuja hali mmetoka kazini na uchovu wenu. Kabla sijasema lolote, niruhusuni nizimwagie korosho hizi maji yanayochemka. Ni gramu 150, hazikukaangwa wala kutiwa chumvi. Nafunika. Zitakaa hapo dakika 15 wakati nazungumza, nanyi ni mashahidi kwamba hakuna aliyezilaza majini usiku kucha. Sufuria hii ya kushoto ina maharage meupe yaliyokwisha kuchemshwa yakaiva kabisa. Nitaeleza baadaye kwa nini nimekuja na sufuria mbili.

Nianze na kisa cha nyumbani. Binti yangu alipokuwa na miaka sita tuliambiwa kwamba ana mzio wa protini ya maziwa. Na chakula alichokipenda kuliko vyote kilikuwa tambi za krimu. Nikafanya wafanyavyo wengi: nikaondoa krimu, nikatia maziwa ya soya kwa kipimo kile kile. Zikatoka tambi zinazoogelea kwenye maji meupe. Jioni iliyofuata nikaongeza unga, ikawa uji. Mtoto alikula bila kusema neno, na ule ukimya wake uliniuma kuliko kama angelia. Ilinichukua miezi kutambua kwamba nilikuwa nauliza swali lisilo lenyewe. Nilikuwa najiuliza niweke nini mahali pa krimu, na kumbe sikuwa nimejua krimu yenyewe inafanya kazi gani mle sufuriani.

Basi tuitazame. Krimu ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji. Krimu nzito ya kupikia ina mafuta kiasi cha asilimia 36, yakiwa vitone vidogo mno, vya upana wa sehemu chache za elfu moja ya milimita, na kila kitone kimevikwa utando unaokizuia kisiungane na mwenzake. Vitone hivyo vikipita juu ya ulimi, ulimi unateleza, na huo mtelezo ndio tunaouita ulaini. Hapo ng'ombe hana siri. Ukiwa na mafuta, ukawa na maji, ukapata na kitu cha kuvishikanisha, kisha ukavisaga au kuvikoroga barabara, umelipata rojo lako.

Hata wapishi wa Roma, ambao tambi zao mtu akiziona hudhani zimemwagiwa krimu, mara nyingi hawatii krimu. Fettuccine Alfredo ya asili ni siagi, jibini na maji yaliyopikia tambi. Carbonara ni mayai, jibini na nyama yenye mafuta. Kinachoshikanisha mafuta na maji kwenye sahani hizo, kwa sehemu kubwa, ni wanga wa tambi zenyewe.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi humwaga mali yao kwenye sinki. Tambi kavu ni unga wa ngano ngumu na maji. Zikichemka, wanga hutoka na kubaki kwenye maji; mnayaona yanavyogeuka rangi, yanakuwa na ukungu. Wanga huo ukishapata joto, kuanzia nyuzi 60 hivi, hufura na kunyonya maji, na ukikorogwa pamoja na mafuta huyazuia yasijitenge. Ndiyo maana mimi sipiki tambi kwenye maji mengi kama wanavyoelekeza wengine. Kwa gramu 400, chakula cha watu wanne, naweka lita 3 na vijiko vinne vidogo vya chumvi. Maji yakiwa machache, wanga wake ni mzito zaidi. Na tafadhali, msitie mafuta kwenye maji ya kuchemshia. Hayazuii tambi kushikana; kinachozuia ni kukoroga katika dakika mbili za mwanzo, wakati uso wake bado unanata. Mafuta yatakayobaki juu ya tambi yataufanya mchuzi uteleze badala ya kushika.

Haya, maji yangu yamechemka, natumbukiza. Pakiti inasema dakika 10. Mimi nitazitoa kwenye 8.

Sasa korosho. Kwa nini korosho na si lozi? Mafuta yapo kwa zote mbili. Lakini korosho, pamoja na mafuta yake kiasi cha asilimia 44 na protini kiasi cha 18, ina wanga wa kutosha, na lozi karibu haina. Kwa hiyo korosho iliyosagwa ni mafuta, kishikanishi na kikazio ndani ya punje moja. Ukiitia motoni utaiona inakaza mbele ya macho yako, na mtu asiyejua hushtuka, akadhani imeharibika. Haijaharibika, imeomba maji. Ipe upawa wa maji ya tambi, koroga, itarudi.

Maji ya moto yanazilainisha ili blenda izisage kwelikweli. Watengenezaji wa chokoleti husaga mpaka chembe zishuke chini ya sehemu 30 hivi za elfu moja ya milimita, kwa sababu zikizidi hapo ulimi huanza kuhisi mchanga. Mchuzi wa korosho una mtihani huo huo. Kama blenda yako haina nguvu, loweka dakika 30, au zichemshe dakika 10, kisha saga dakika mbili nzima, usimamishe, ukwangue pembeni, usage tena. Chovya kidole, usugue kwa kidole gumba. Ukihisi punje, bado.

Namwaga maji yaliyolowekea korosho. Naweka korosho kwenye blenda na mililita 300 za maji safi, kijiko kidogo cha haradali na chumvi kidogo. Samahanini kwa kelele.

Kaka pale nyuma ameinua mkono. Anauliza kama tui la nazi halimalizi kazi yote hii. Linamaliza, kaka, na ndiyo njia ya haraka kuliko zote: tui zito ni mafuta ndani ya maji, kama krimu. Ila lina mambo mawili. Kwanza, nazi haijifichi. Ukitaka mchuzi wa uyoga wenye ladha ya uyoga, nazi itakaa mbele yake. Mpe tui rafiki zake, tangawizi, pilipili, nyanya, mchicha, na litapendeza. Pili, tui hukatika. Ukiliacha lichemke kwa fujo, au ukalitia ndimu likiwa motoni, mafuta yanapanda juu na chini yanabaki maji yenye chengachenga. Moto mdogo, mwiko usitulie, na ndimu mwishoni, sufuria ikiwa imeshaipuliwa.

Nirudi kwenye kikaango. Vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya zeituni, kitunguu maji kimoja kilichokatwa vidogo. Nakikaanga mpaka kilainike na kuanza kuchukua rangi ya dhahabu. Ndipo uyoga, gramu 250, na ninauacha bila kuugusa. Uyoga una maji mengi. Ukiukoroga kila sekunde unachemka kwenye maji yake na kubaki wa kijivu. Uache ukauke, ushike rangi ya kahawia upande mmoja, ndipo uugeuze. Kitunguu saumu, punje nne, kinaingia mwisho kabisa, nusu dakika tu, kwa sababu kikiungua kinaharibu kila kitu kwa uchungu wake.

Kwa nini nahangaika na rangi ya kahawia? Kwa sababu rojo linaweza kuwa laini kama hariri na bado likawa halina ladha, na hilo ndilo lililonishinda kwa muda mrefu kuliko ulaini. Jibini haikuwa inaleta mafuta peke yake. Ilikuwa inaleta chumvi, uchachu kidogo, na ile ladha nzito inayokaa mdomoni baada ya kumeza. Ladha hiyo ina jina. Mwaka 1908 mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliitoa kwenye supu ya mwani, akagundua kwamba chanzo chake ni glutamati, akaiita umami. Glutamati haipo kwenye jibini pekee. Ipo kwenye uyoga, kwenye nyanya iliyokolezwa, kwenye mchuzi wa soya, na kwenye hamira ya lishe, vile vipande vya manjano vinavyonyunyizwa. Tafadhali msichanganye hiyo na hamira ya kuumulia mkate. Ile ya mkate ni hai na ni chungu, haifai kunyunyizwa kwenye chakula.

Kwenye kikaango hiki natia kijiko kikubwa kimoja cha mchuzi wa soya na vijiko viwili vya hamira ya lishe. Asiye na hamira hiyo akaange kijiko cha nyanya ya kopo pamoja na kitunguu mpaka iwe nyekundu iliyoiva. Mchuzi utabadilika rangi, na utakuwa mtamu. Uchachu utaletwa na ndimu.

Mama hapa mbele ananiuliza jambo kubwa: mwanawe anaumwa tumbo akinywa maziwa, je, ndiyo mzio? Mama, huenda ni mambo mawili tofauti, na daktari ndiye wa kuyapambanua. Wapo ambao miili yao haitengenezi laktasi ya kutosha kuvunja sukari ya maziwa, laktosi. Hao ni wengi sana, takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani. Wanapata gesi na kuharisha, na baadhi yao huweza kula jibini iliyokaa muda mrefu, kwani laktosi yake imebaki kidogo sana. Mzio ni kinga ya mwili kuipiga vita protini ya maziwa, na kwa baadhi ya watu ni hatari ya maisha. Kwa hiyo pakiti iliyoandikwa "bila laktosi" isikudanganye: ni maziwa yaleyale, yametiwa laktasi, protini zote zimo. Soma orodha ya viungo mpaka mwisho, kwenye tambi zilizotiwa ladha, kwenye siagi ya mimea, hata kwenye vidonge vya supu. Unga wa maziwa hujificha mle. Na maziwa ya soya au ya shayiri, chagua yasiyo na sukari wala vanila, la sivyo chakula cha jioni kitageuka kitindamlo.

Dakika nane. Nachota vikombe viwili vya maji ya tambi kwanza, ndipo nachuja. Tambi zinaingia kikaangoni zingali na kiini kigumu kidogo. Mchuzi wa korosho juu yake, upawa mmoja wa maji, moto wa wastani, na sasa nakoroga kwa nguvu, narusha, nageuza. Hii si kazi ya mwiko wa uvivu. Ni dakika mbili za mkono. Mnaona mwanzoni mchuzi uko chini na tambi ziko juu? Tazameni sasa. Umepanda, umezikumbatia, unang'aa. Umekaza sana, naongeza maji. Upawa nusu tena. Ipueni ukiwa bado mwepesi kuliko mnavyopenda kuula, kwa sababu utakaza njiani kwenda mezani. Ndimu nusu, pilipili manga iliyosagwa papo hapo, kungumanga kidogo kabisa.

Kitakachobaki, kesho kitakuwa kimeganda kama donge. Kipasheni kwenye kikaango na maji kikombe nusu, mkoroge taratibu, kitalegea.

Na sufuria ya kushoto. Niliyopika sasa hivi ina korosho, na korosho nayo ina watu wake wasioweza kuigusa. Hapo ndipo maharage meupe yanapoingia: vikombe viwili, vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni, maji ya tambi kikombe kimoja, saga mpaka yawe laini kabisa, kisha fuata njia ileile. Rojo lake ni zito zaidi na lina ladha ya udongo kidogo, kwa hiyo liongezewe ndimu na kitunguu saumu. Binti yangu, ambaye sasa anapika mwenyewe, hulipenda hili kuliko la korosho.

Sahani ziko pale mezani. Upande wa kulia ni za korosho, wa kushoto ni za maharage, na kila upande una kijiko chake cha kupakulia, naomba visichanganywe. Karibuni zingali za moto.