Wazee wa kahawa Ujiji, nipo nchi gani? Video ya kuwajibu

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi? Leo sina mapambo, nipo kando ya barabara, na upepo ukiingia kwenye maiki mtanisamehe.

Wazee wa baraza la kahawa pale Ujiji wamenitumia sauti WhatsApp. "Huyu mtoto yuko Ufaransa, Uholanzi au Marekani? Mbona kila video anataja nchi nyingine?" Wazee, mmesikia sawasawa, wala sijachanganyikiwa.

Oneni hilo jiwe refu nyuma yangu. Huku ni Saint Martin ya Ufaransa, nusu ya kisiwa kimoja cha bahari ya Karibi, mji wake Marigot. Nikipiga hatua tatu hivi, tayari niko Sint Maarten, nchi iliyo ndani ya ufalme wa Uholanzi, mji wake Philipsburg. Hakuna geti, hakuna askari. Hiyo daladala iliyopita mmeiona? Dereva hata hakupunguza mwendo. Kisiwa kizima ni kilomita za mraba 87 tu, na wamegawana tangu 1648: Wafaransa 53 za kaskazini, Waholanzi 34 za kusini. Wenyeji wanasimulia kwamba Mfaransa na Mholanzi walizunguka ufukwe kwa miguu kila mmoja na chupa yake, Mfaransa mvinyo, Mholanzi jini, ile pombe kali, nayo ikamlaza Mholanzi njiani. Hadithi ya kunogesha kahawa tu.

Mpaka wenyewe haumzuii mtu, lakini unakera kwenye vitu vidogo vidogo. Umeme wa Ufaransa ni volti 220, wa Uholanzi 110, kwa hiyo blenda ya kule usiichomeke huku, itaungua. Namba za simu huku zinaanza na 590, kule 1-721. Ukimpigia jirani wa mtaa wa pili, hiyo ni simu ya nje ya nchi! Upande wa Ufaransa uko ndani ya Umoja wa Ulaya, ule mwingine hauko. Mimi nalala Ulaya, asubuhi naenda jikoni hotelini nje ya Ulaya, jioni narudi Ulaya. Na Kiingereza ndicho kinachosikika pande zote mbili.

Haya, na Marekani inatoka wapi? Hivi ni visiwa vya Antili Ndogo, vimepinda kutoka Visiwa vya Virgin hadi Grenada, karibu na Venezuela. Sehemu ya hivyo vya Virgin Marekani iliinunua kwa Denmark mwaka 1917, dola milioni 25. Visiwa, na watu wake ndani! Jirani yetu Saint Barthélemy ilikuwa ya Sweden kuanzia 1784 hadi 1878, kisha ikarudishwa Ufaransa.

Sisi tumezoea kusimama Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, milima ile ng'ambo ni Kongo, maji ndiyo mpaka, basi. Huku usitafute mpaka kwenye maji. Guadeloupe na Martinique ni mikoa kamili ya Ufaransa tangu 1946, na katikati yake imekaa Dominica, taifa huru tangu 1978. Tena Saba, kisiwa kidogo mno, ndicho chenye mlima mrefu kuliko yote ya Uholanzi.

Milima hiyo ina sababu. Kwetu Kigoma ardhi inaachana, ndiyo maana ziwa letu lina kina cha mita 1,470. Huku mabamba ya ganda la dunia yanagongana: lile la sakafu ya Atlantiki linazama chini ya lile la Karibi, huko chini miamba inayeyuka, volkano zinapanda. Mwaka 1902 mlima Pelée uliteketeza mji wa Saint-Pierre kule Martinique, watu zaidi ya 25,000. Montserrat mlima uliamka 1995, mji mkuu Plymouth ukafukiwa, serikali ikahamia kaskazini. Kisiwa changu ni cha mawe ya kale, volkano hai hakina. Sisi adui yetu ni kimbunga.

Ila kinachonifurahisha kuliko vyote ni Anguilla, kile kisiwa bapa unachokiona ukisimama Marigot. Waingereza walikiunganisha na Saint Kitts na Nevis wawe kitu kimoja kinachojitawala. Mwaka 1967 Waanguilla wakawatimua polisi wa Saint Kitts. Mwaka 1969 London ikaleta askari wa miamvuli, na wenyeji hawakupigana, maana walichotaka ni kutawaliwa na London moja kwa moja! Mapinduzi ya kudai mkoloni, wazee, mliwahi kusikia? Mimi lakini siwacheki. Walilalamika kwamba Saint Kitts imewasahau, hata umeme hawana. Na sisi wa mwisho wa reli, tulioishi kwa jenereta miaka yote ile kabla gridi ya taifa haijatufikia, tunaelewa. Nevis nao walipiga kura ya kujitenga mwaka 1998. Waliotaka walikuwa asilimia 62 hivi, sheria ikitaka theluthi mbili. Wakabaki.

Boti ya kwenda Anguilla inatoka hapo Marigot, haifiki nusu saa. Ila kule ni Uingereza: pasipoti lazima, na kwa sisi Watanzania, viza juu. Nikiipata, video inayofuata naanzia gatini.