Kuiwasha Skidu Kwenye Baridi ya Hasi 40

Shikamooni wazee, na wengine habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie pikipiki ya theluji, hii ambayo hapa Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, kila mtu anaiita skidu, kwa jina la chapa moja tu ya Ski-Doo, hata kama ubavuni imeandikwa Polaris au Yamaha. Wengi wenu mmenunua za mtumba, na najua kinachotokea asubuhi: unavuta kamba mpaka bega linakufa ganzi, kisha unanipigia simu. Leo nataka tuelewane kwa nini haiwaki.

Januari hapa, nyuzi 40 chini ya sifuri si jambo la kushangaza mtu. Hapo vipimo vya Selsiasi na Farenhaiti vinakutana, kwa hiyo hakuna haja ya kuniuliza natumia kipi. Na kuna kubaya zaidi: Snag, kule Yukon, Februari 1947 walipima karibu hasi 63.

Sasa nisikilizeni vizuri. Petroli haiungui ikiwa bado majimaji. Kinachoungua ni mvuke wake. Na petroli ya kawaida hutoa mvuke wa kutosha kushika moto mpaka kama hasi 43, basi. Kwa hiyo kwenye hasi 40 uko ukingoni kabisa. Cheche unayo, mafuta unayo, hewa unayo, lakini ndani ya silinda matone yameng'ang'ania ukutani tu. Ndiyo maana wanaosafisha mafuta hutoa petroli maalumu ya msimu wa baridi, iliyoongezwa vitu vyepesi kama butani ili itoe mvuke upesi. Mwenye dumu lililobaki tangu Agosti, alitumie kwingine. Usiniletee skidu yenye petroli ya kiangazi ukasema kabureta mbovu.

Na choki ndiyo kazi yake hiyo. Inamimina mafuta mengi kupita kiasi, ili ile sehemu ndogo itakayogeuka mvuke iweze kutosha. Yanayobaki yanalowesha plagi, ile inayotoa cheche. Hii hapa nimeitoa mchana kwenye mashine ya mtu, pitisheni mkono kwa mkono. Iguseni kwenye ncha: nyeusi, inang'aa, na inanuka petroli. Plagi ya namna hii hata uvute kamba mpaka Machi haitawasha kitu. Wawindaji wa zamani walikuwa wanafungua plagi jioni wanalala nazo ndani, asubuhi wanazifunga zikiwa na joto. Nami nawashauri hivyo hivyo. Ila mkono usiguse petroli ya nje: haigandi kwenye baridi hii, inabaki majimaji yenye baridi ileile, na ikimwagika kwenye ngozi inaigandisha papo hapo.

Naona vijana waliowahi kuendesha bodaboda wanatazamana. Mnawaza kuisukuma iwake. Haiwezekani. Klachi ya skidu inabana belti, ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma, injini ikiwa tayari inazunguka, mizunguko kama 3,000 kwa dakika au zaidi. Ukiisukuma unaburuta tu ule mkanda mpana wa mpira ulio chini yake kwenye theluji, injini haina habari.

Oili nayo. Nyingi ya mashine zenu ni za mipigo miwili, oili inaungua pamoja na petroli. Oili ya bei rahisi kwenye baridi hii inakuwa nzito kama asali; pampu haivuti kitu, na injini inazunguka kavu. Nunueni ya sintetiki iliyoandikwa kiwango cha baridi inachohimili. Hapo sibembelezi mtu. Betri, kwa wenye kitufe cha kuwashia: betri ya risasi kwenye hasi 18 inabaki na kama nusu ya nguvu zake, na iliyoisha chaji maji yake yanaganda hata kwenye hasi 10 na kupasua kasha. Ilale ndani.

Haya, asubuhi umefika kwenye mashine. Kwanza kabisa, kabla ya kamba, bonyeza eksileta kwa kidole gumba uachie. Ikirudi yenyewe kwa nguvu, endelea. Ikibaki chini, kuna barafu kwenye waya au kwenye kabureta, na ukiiwasha hivyo itakukimbia. Kisha inyanyue nyuma uiachie idondoke, uukwanyue mkanda kutoka kwenye barafu, na teleza za mbele, zile ski mbili, uzipige teke kwa ubavu. Swichi ikiwa bado imezimwa, weka choki mpaka mwisho, vuta kamba polepole mara kadhaa mpaka uhisi imelainika. Hapo unaamsha oili na kuleta mafuta. Sasa fungua swichi, hakikisha kile kitufe chekundu cha kuzimia kimepandishwa, vuta kamba kidogo mpaka ugonge mgandamizo, pale kamba inapokaza, ndipo uivute kwa nguvu zote.

Na kidole gumba kikae mbali na eksileta! Hili ndilo linalowakwamisha wengi. Choki za kabureta nyingi za skidu zinafanya kazi kwa mvuto wa hewa, na ule mvuto upo tu eksileta ikiwa imefungwa. Ukiibonyeza ili "kuisaidia", umeikata choki kazi. Wenye injini za injekta hawana choki. Kompyuta inapima baridi na kuongeza mafuta yenyewe.

Imewaka, inakohoa, irudishe choki nusu. Usiondoke. Pistoni ni ya alumini, inapata moto upesi na kutanuka, wakati silinda na maji yanayoizunguka bado ni baridi ya usiku. Ule upenyo kati yao unaisha, pistoni inakwama, na ukarabati wake unaweza kuzidi bei uliyonunulia. Acha maji yapate joto kwanza. Kisha nyanyua nyuma kwenye stendi, uzungushe mkanda taratibu ili grisi na beringi vilegee. Mtu asisimame nyuma, vipande vya barafu vinaruka.

Na kazi inaanza jana yake. Mkivuka ghuba kwenda Dettah mnakuta maji yamepanda juu ya barafu, yamejificha chini ya theluji. Mkanda ukilowa, ukafika nyumbani ukaizima palepale, asubuhi utaitoa kwa shoka. Zungusha mkanda hewani ukauke, kisha ipandishe juu ya magogo mawili.

Mama ameuliza kuhusu ile dawa ya kupuliza ili injini iwake, etha. Kwa mipigo miwili sikushauri: inaosha oili kwenye ukuta wa silinda, na oili hiyo ndiyo pekee iliyopo. Na kaka ameuliza kuhusu kuiwashia bandani ili isipigwe na upepo. Banda likifungwa, moshi wa injini una kaboni monoksidi isiyo na harufu, unaua mtu kabla hajajua kinachomsumbua. Fungua mlango wote, au itoe nje.

Belti ya akiba nimeiacha nje makusudi tangu saa kumi jioni. Vaeni glovu mje mjaribu kuikunja, muone baridi ilivyoikakamaza, halafu tuiwashe ile ya pale getini.