Ukungu Lazima Ufuate Umbali: Mhadhara juu ya Picha Zinazogeuza Mji Kuwa Kitu cha Kuchezea

Ndugu mwenyekiti, wapiga picha wenzangu,

Mlionisikia mwaka jana mtaniwia radhi, maana nitasema yale yale kuhusu picha zinazoufanya mji halisi uonekane kama modeli ndogo ya mezani, na nitaendelea kuyasema mpaka siku nitakayozunguka onyesho zima la picha bila kukutana na mnara ambao miguu yake ni angavu, yaani inaonekana dhahiri, na kichwa chake kimezama kwenye ukungu, yaani ule mfifio wa kitu kilicho nje ya fokasi.

Naomba kila mmoja ainue kidole karibu na pua na kukikazia macho, huku akiuangalia kwa pembeni ukuta ulio nyuma yake: ukuta umefifia. Sasa mnyooshe mkono mkitazame kidole hicho hicho, na mtaona kwamba ukuta umeanza kurudi. Tangu utotoni macho yetu yamezoea kwamba kitu kikiwa karibu sana, vilivyo mbele na nyuma yake hufifia kwa nguvu; na mji unaoonekana wote kwa mtupo mmoja wa jicho, nao uko karibu kiasi hicho, hauwezi kuwa mji wa kweli. Siri ya picha hizi ni hiyo tu.

Hesabu yake ni nyepesi. Lenzi ya milimita 50 ikifunguliwa kwenye f/2.8, yaani milimita hizo 50 zigawanywe kwa 2.8, ina tundu lenye upana wa karibu milimita 18. Ukipiga nayo modeli iliyojengwa kwa kipimo cha 1 kwa 100, kisha ukataka mji halisi utoe ukungu ule ule, vipimo vyote huna budi kuvizidisha mara 100, tundu la lenzi likiwemo, nalo litakuwa na upana wa mita 1.8, kiasi cha mtu mzima kusimama humo wima. Mboni ya jicho yenye milimita 5 ingefikia nusu mita. Mtazamaji wa picha hizi hupewa jicho la jitu, na jitu likiutazama mji huona vitu vya kuchezea.

Kwa kuwa hakuna atakayetuuzia lenzi yenye tundu la mita 1.8, tunatumia lenzi inayoinama, ile ambayo wengi huiita tilti-shifti. Kanuni yake inabeba jina la Theodor Scheimpflug, ofisa wa jeshi la Austria, aliyeiandikia hataza mwaka 1904, ingawa Jules Carpentier wa Ufaransa alikuwa amemtangulia mwaka 1901. Scheimpflug alitaka kunyoosha picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani. Sisi tumeichukua kanuni yake tukaitumia kuharibu picha, na sidhani kama angefurahi. Kwa kawaida lenzi, kihisi cha kamera (kile kinachopokea mwanga) na bapa la fokasi, yaani lile bapa ambalo kila kilicho juu yake hutoka angavu, huenda sambamba. Ukiinamisha lenzi, mabapa hayo matatu hukutana kwenye mstari mmoja. Lenzi ikiinama kuelekea chini, bapa la fokasi hulala juu ya ardhi, na kila kitu huwa angavu kuanzia majani ya miguuni mpaka vilima vya mbali. Ikielekea juu, bapa husimama na kuikata ardhi kama kisu kinavyokata mkate, ukabaki ukanda mwembamba tu ulio angavu. Huo ndio tunaoutaka. Ile shifti, yaani kuisogeza lenzi pembeni bila kuiinamisha, ni ya wanaopiga majengo na hawapendi kuta zilale; katika kazi yetu haina mchango wowote, kwa hiyo tuiache.

Sasa nirudi kwenye mnara, au tuseme kreni, maana kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nilikuwa nimepanda juu ya jengo refu nikapiga bandari: makontena mekundu na ya buluu, malori, na katikati yake kreni moja ndefu. Nilikaa nusu siku nikitia ukungu kwenye programu ya kompyuta ya kuhariri picha, ukanda mmoja juu na mmoja chini, laini kabisa. Nikaionyesha nyumbani kwa majivuno. Mtoto wa miaka minane akaitazama kwa muda, akaweka kidole juu ya kreni, akauliza kwa nini kichwa chake kiko kwenye ukungu ilhali miguu yake iko juani. Sikuwa na jibu. Kreni imesimama mahali pamoja; miguu na kichwa chake viko karibu umbali mmoja kutoka kwenye kamera, ila kichwa kimepanda juu katika picha na kuingia kwenye ukanda niliokuwa nimeuzimisha kwa ajili ya bahari ya nyuma. Nilikuwa nimetia ukungu kwa kufuata kimo cha picha, wakati nilipaswa kufuata umbali. Nilirudi kwenye programu nikaizungushia kreni yote mstari kwa mkono, waya kwa waya, nikaipa ukungu uleule wa miguu yake, yaani karibu hakuna, na papo hapo bandari ikanywea ikawa kitu cha kuwekwa mezani.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba hayo ni matatizo ya wenye programu, na kwamba yeye mwenye lenzi halisi yuko salama. Hayuko salama. Bapa la fokasi ni bapa tu; halijui kreni ni nini, na litaikata kiunoni vilevile, tena kwa gharama kubwa zaidi. Na kuna anayesema kinyume chake, kwamba programu ni udanganyifu. Ndugu yangu, picha nzima ni udanganyifu! Mwaka 2010 Robert Held na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ukungu rahisi unaozidi hatua kwa hatua hukaribia nguvu ya ukungu uliokokotolewa sawasawa, mradi uelekee kule umbali unakoelekea. Ukigeuzwa ukaenda upande mwingine, nguvu yake hupungua.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mengine nitayapitia mbio. Pigeni kutoka juu, kwa sababu huko ardhi hutandazika na kimo cha picha hukaribia kulingana na umbali, na pia kwa sababu ndivyo tunavyotazama vitu vya mezani. Jua liwe kali. Rangi zikolezwe kidogo, zifanane na rangi ya kupakwa kwa brashi. Epukeni maji yenye mawimbi makubwa, kwani povu halikubali kudanganya. Kwa wanaotengeneza video, kitu cha modeli ya 1 kwa 100 huanguka kwa sehemu moja ya kumi ya muda, kwa hiyo mji wenu uende haraka mara kumi hivi. Kuhusu nyuso za watu nilikuwa na mengi, lakini basi.

Tafadhali zimeni taa za mbele. Hii ya kushoto ndiyo bandari kama mtoto alivyoiona, na hii ya kulia ni baada ya kuirekebisha. Angalieni waya wa tatu kutoka juu, ambao mpaka leo niliusahau.