Merikani: Nguo ya Lowell Katika Soko la Unguja

Wazee wangu, ndugu zangu, ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu na kuja kunisikiliza jioni hii.

Nianze na jora la nguo. Waliokula chumvi nyingi humu ndani wanaijua merikani, ile nguo nzito ya pamba isiyopaushwa. Jina limetoka kwa walioileta. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitiliana mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, huko Maskati: bidhaa zao zitozwe ushuru wa asilimia 5. Mwaka 1837 balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts, akateremka Unguja.

Tumezoea kuhesabu kujitanua kwa Marekani ng'ambo tangu 1898, walipozichukua Puerto Rico, Guam na Ufilipino. Huku kwetu hawakutwaa hata shamba, lakini bidhaa zao zilikwisha kufika Tabora kabla ya hapo, zikafanywa fedha. Mpagazi alilipwa kwa doti na shuka. Mtawala wa njiani alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa merikani.

Nani aliifuma? Sehemu kubwa ilitoka katika viwanda vya Massachusetts, na mji uliovuma kwa viwanda hivyo ni Lowell, kando ya mto Merrimack. Wafumaji walikuwa mabinti wa wakulima waliotoka mashambani, wakalala katika mabweni ya kampuni na kuamshwa na kengele kwenda kufanya kazi kwa muda wa saa kumi na mbili, kumi na tatu kwa siku. Mwaka 1834 mishahara ilipotaka kupunguzwa, mamia yao walitoka nje. Mwaka 1836 gharama za bweni zilipopandishwa, wakatoka tena. Kisha, mwishoni mwa 1844, Sarah Bagley na wenzake wakaunda chama chao na kulipelekea bunge la jimbo maombi yenye saini nyingi: siku ya kazi iwe saa kumi. Kamati ya mbunge William Schouler iliwasikiliza mwaka 1845, ikajibu kwamba dawa ya jambo hilo haimo mikononi mwa bunge. Mabinti hawakuwa na kura, lakini walimpinga Schouler hadharani, na katika uchaguzi uliofuata akaanguka. Kila nikilisoma tukio hili moyo wangu huinuka.

Sasa ligeuzeni jora hilo upande wa pili. Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Lowell kulikuwa na chama cha wanawake wapinga utumwa, nao waliishika pamba hiyo kila siku. Charles Sumner, mwanasiasa wa Massachusetts, aliusema ukweli huo mwaka 1848 alipolaani urafiki wa mabwana wa kiboko na mabwana wa mitambo ya kufumia.

Waters naye alikuwa mcha Mungu aliyeuchukia utumwa. Akiwa Unguja alifanya biashara bega kwa bega na Jairam Shivji, mkuu wa forodha, na forodha hiyo ilitoza ushuru kwa kila mtumwa aliyeshushwa bandarini.

Meli zilirudi Marekani na sandarusi, utomvu mgumu wa mti, na pembe za ndovu. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, katika miji kama Deep River, zikakatwa vipande vyembamba vya kufunika vibao vya piano. Mmoja wa wenye viwanda hapo alikuwa George Read, shemasi wa kanisa, mpinga utumwa wa kweli, aliyempokea na kumhifadhi kijana aliyetoroka utumwani kusini. Alijihatarisha kwa ajili yake. Na pembe zake?

Hapa tuwe waangalifu. Wapo wanaosema kila pembe ilibebwa na mtumwa. Si kweli, Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi huru, wenye ufundi wa safari na ujira wao. Lakini wengine walibeba wakiwa mateka, na aliyekuwa Deep River hakuwa na njia ya kuitambua pembe ya huyu na ya yule. Simwiti Read mnafiki. Mtoro alibisha hodi mlangoni pake, akafunguliwa. Mateka wa huku hakuwa na mlango wa kubisha, na ushahidi wake ulifika Connecticut umeshasuguliwa, unang'aa.

Sheria ya saa kumi kwa wanawake na watoto ilipita Massachusetts mwaka 1874, miaka ishirini na tisa baada ya jibu la Schouler. Kufikia hapo jora la Lowell lilikuwa limetikiswa katika soko la Unguja, kwa kuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, viliwanyima wenye viwanda pamba, na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikapata nafasi. Wenye maduka wa pwani waliendelea kuviita merikani.