Kichwa, Mwili na Mguu: Sini ya Kijijini Thailand

Mabibi na mabwana, naomba macho yenu yaje kwenye nguo hii iliyo mezani. Wenyewe huiita pha sin. Leo tutasema sini. Ni vazi la chini la mwanamke wa kijijini, kaskazini mwa Thailand na kule Isan, uwanda wa kaskazini-mashariki unaopakana na Laos. Kwa mbali ni kitambaa kimoja. Igeuzeni nje ndani mwone mishono: ni vitambaa vitatu. Kanga ina pindo na mji. Sini ina kichwa, mwili na mguu, na ndiyo maana hasa ya majina yake, hua sin, tua sin na tin sin.

Kichwa hudharauliwa kwa kuwa hakina urembo. Kaskazini mara nyingi ni pamba tupu, ukanda mweupe juu, mwekundu chini. Wanaokikata ili waweke zipu wanaiharibu nguo. Hariri huteleza, pamba hushika. Jasho na kukunjwa kila siku huanza kula kiunoni, kwa hiyo kijijini hufumua kipande hicho cha bei ndogo, wakashona kipya, na mwili wa hariri ukabaki mzima.

Kuivaa si kazi. Sini imeshonwa mviringo, kama msuli. Ingia ndani, ipandishe hadi kiunoni, kusanya ziada yote kwenye nyonga moja, ilaze mbele kwa kunjo moja pana, kisha chomeka ncha upande wa pili. Juu yake huja mkanda wa fedha, pambo linalofanya kazi ya kubana. Ziada ikiwa ndogo, hatua hubanwa na nguo hufunguka ukichuchumaa.

Sasa mwili. Isan wanasifika kwa mat mi, yaani kufunga nyuzi. Nyuzi za mshindio, zile zinazopita kwa upana wa nguo, hutiwa rangi kabla ya kufumwa. Hutandazwa kwenye fremu yenye upana uleule wa nguo. Zikizidi, ua litahama. Mafungu hukazwa kwa kamba za plastiki, zamani nyuzi za mgomba, yakachovywa, mengine yakafunguliwa, mengine yakafungwa, yakachovywa tena. Manjano ikiingia kwenye nili, rangi ya buluu itokayo kwenye majani, huzaa kijani. Ukungu kidogo kwenye kingo za ua ndio uzuri wake. Rangi ikivamia katikati ya ua, fundo lilikuwa legevu. Lakini maua yakipanda mshazari kama ngazi, kosa ni la mfumaji: kila uzi unaopita lazima auvute ukingoni mpaka alama zilingane, na hapo alichoka akaacha.

Nili nayo ina tabia za kiumbe hai, na Sakon Nakhon, mkoa wa Isan, ndiko inakoenziwa zaidi. Majani hulowekwa usiku na mchana, hutolewa, maji hutiwa chokaa na kupigwapigwa hadi povu lijae. Kinachotuama chini ni rojo ya nili. Rojo hiyo huingia chunguni pamoja na maji ya majivu na ukwaju, ikachachuka. Chungu kilicho hai kina maji ya kijani-manjano. Uzi ukitoka humo ni kijani, hewa ikiupata hugeuka buluu machoni pako. Chokaa ikizidi, au ukichovya mfululizo bila kukipumzisha, chungu hufa: maji hubaki buluu na uzi haushiki rangi. Kipumzishe, kilishe ukwaju, usikimwage upesi.

Mwaka 1941 serikali ya waziri mkuu Phibunsongkhram ilitoa amri ya mavazi iliyowataka watu wasitoke hadharani kifua wazi wala kwa shuka za kujifunga. Mitindo ya kijijini iliumia. Mwaka 1976 Malkia Sirikit alianzisha taasisi ya SUPPORT, ikawapa wafumaji soko la hariri yao. Ni jambo la kushukuriwa.

Wanaume wana pha khao ma, pamba ya mirabaraba, kama sentimita 80 kwa mita 2: mkanda, taulo, kilemba, hata bembea ya mtoto.

Nimeuacha mguu mwisho kwa makusudi. Sogeeni. Huu ni tin chok, ufundi wa Mae Chaem, mkoa wa Chiang Mai. Mfumaji huinua nyuzi za mtande, zile za urefu wa nguo, chache chache kwa mwiba wa nungunungu, akapenyeza uzi wa rangi kwa mkono pale ua linapotakiwa tu. Uso wa nguo unatazama chini. Yeye anafanya kazi mgongoni mwake, ili mafundo ayaone na kuyaficha. Upande huu wa ndani ndio mtihani: kama nyuzi zinaning'inia ndefu kutoka ua hadi ua, zitanaswa na vidole vya miguu. Hapa hazipo. Ukanda mwekundu usio na ua pale chini kabisa ndio unaoburura na kuchakaa. Na mwili ukiisha, mguu hufumuliwa ukashonwa kwenye sini nyingine. Tazameni hapa mshononi, matundu ya sindano ya zamani bado yanaonekana.